Flopi ya Mchapaji

Konde alikuwa anapiga. Hilo mlijue mapema, tusije tukadanganyana huko mbele mkaanza kumwonea huruma kabla ya wakati wake. Alipiga redio zinazokwaruza, akapiga televisheni zinazorusha picha, akapiga feni, pasi na cherehani, na watu pia aliwapiga. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Hata kibao cha juu ya mlango wa karakana yake kilisema KONDE FUNDI WA VYOMBO VYOTE, na chini yake mtundu mmoja aliongeza kwa chaki, "na vichwa."

Na tuseme ukweli, mkono ule ulikuwa na ufundi wake. Mteja analeta redio bubu. Konde anaigeuza, anaitegea sikio, anaipapasa kwa kidole, halafu paa! anaitandika ubavuni kwa kitako cha kiganja, mara moja tu. Redio inaimba. Watu walikuwa wakisimama mlangoni kusudi waone. "Konde, ipe moja!" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwenyewe hacheki. Anajifuta mkono kwenye suruali na kuita mteja anayefuata.

Kupiga alijifunza kwao. Baba yake alikuwa mfua vyuma, na katika karakana yake hapakuwa na kosa lisilo na kipigo. Ukidondosha koleo, mkanda. Ukikosea kipimo, mkanda tena, upande wenye chuma. Siku moja alimshika mwanawe mkono, akauweka juu ya fuawe, akamvunja kidole cha mwisho kwa mpini wa nyundo, kisa msumari mmoja uliopinda. Kidole kilipona kikiwa kimepinda vilevile. Konde alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakulia, na baba yake akamwambia, "Sasa umekuwa mtu." Mshenzi mkubwa! Ndio urithi aliomwachia, na mwana akaubeba mpaka uzeeni.

Kitu kimoja tu ambacho Konde hakukiweza ni kusema. Akishapiga, mdomo wake unalipunguza jambo. Ukimwuliza kumetokea nini, atakwambia, "Tulipishana kidogo." Ukimwonyesha damu, atasema, "Ah, palikuwa na kelele kelele tu." Neno "nimempiga" halikuwahi kutoka kinywani mwake, hata mara moja, na alikuwa na miaka sitini na tatu.

Asubuhi ninayoisimulia alikuwa amekaa mezani anahangaika na skrubu. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliopita. Skrubu inagusa tundu, inaruka. Anaiokota, inaruka tena. Mshona viatu wa mlango wa pili, mtu mwembamba mwenye maneno mengi na moyo mweupe, alikuwa amekuja kuazima kibano. Akamtazama, akashindwa kujizuia.

"Konde, mzee mwenzangu, huo mkono sasa ni wa kupungia wageni tu."

Konde akainuka. Alimkamata kwenye ukosi wa shati, akamgandamiza kwenye rafu, vyombo vikaporomoka, na ngumi ya kwanza ikatua mdomoni. Ya pili ikatua palepale. Mdomo ukapasuka, damu ikatiririka kwenye aproni ya ngozi na kudondokea miguuni. Mshona viatu hakurudisha. Alifumba macho tu akingoja, maana haikuwa mara ya kwanza. Konde akavuta mkono kwa ajili ya ya tatu.

"Shikamoo, Baba."

Mkono ukaganda hewani. Mlangoni alisimama binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na nne, kavaa nguo za kazini, mkoba begani. Konde akaushusha mkono na kuuficha nyuma.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani."

Binti alikuwa anamtazama mshona viatu. "Mzee, vipi tena? Damu hiyo!"

Mshona viatu alivuta kitambaa cha kung'arishia viatu, akajiziba mdomo. Alimtazama Konde, akamtazama binti pale mlangoni. "Nimejikwaa, mwanangu," akasema. "Hizi waya zake zimezagaa chini. Nimejikwaa nikaangukia rafu."

"Pole sana. Baba, uziondoe waya, utamwua mtu."

"Nitaziondoa," Konde akasema.

Sasa mjue binti huyu katokea wapi. Aliondoka na mama yake akiwa na miaka minne, na Konde hakumwona tena kwa miaka thelathini. Mama mtu alifariki mwanzoni mwa mwaka, na baada ya matanga binti akaanza kumtafuta baba yake. Akampata. Hakuja na lawama yoyote. Marehemu hakuwahi kumsema mumewe vibaya, alisema tu hawakuelewana. Mwili wa marehemu ulikuwa mzima ila sikio la kushoto, kiziwi kabisa, na hilo alisema amezaliwa nalo. Binti alimsimulia Konde habari ya sikio siku ya kwanza walipoonana, hivihivi tu katika mazungumzo, na Konde akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

Mara ya tatu binti alikuja na mwanawe, msichana wa miaka miwili. Mtoto alikishika kile kidole kilichopinda, akakivuta, akacheka mpaka akakwama pumzi. Na palepale binti akasema, "Baba, tunakujengea chumba. Mlango wake unafungukia uani. Mwezi ujao tunakuja kukuchukua, huwezi kuendelea kulala nyuma ya rafu." Alimwachia picha ya mtoto, Konde akaiegemeza kwenye taa ya mezani. Kila asubuhi alikuwa akiifuta vumbi kabla hajagusa bisibisi. Alishanunua hata pazia. Mtu aliyeishi kama mbwa mkali miaka thelathini, leo ana pazia ndani ya mfuko anaoufungua na kuufunga! Furaha hiyo alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

Binti akavuta kigoda, akatoa bahasha mkobani. Ndani ya bahasha mlikuwa na flopi, diski ya kuhifadhia maandishi ya kompyuta, zile pana za zamani, nyeusi, laini ukiishika. Juu yake palibandikwa kikaratasi kilichochapwa neno moja kwa herufi kubwa: AKIULIZA.

"Niliikuta kwenye sanduku la Mama," akasema. "Sasa ndiyo nauliza, Baba. Nimeizungusha kwa mafundi watatu. Wana mashine za zamani, nzima kabisa. Wawili wakasema flopi haina kitu. Wa tatu akakaa nayo siku mbili, akaniambia kitu kimo, ila iliandikwa na mashine iliyopotoka, na itasomwa na mashine hiyohiyo peke yake. Ile kompyuta aliyokuwa akichapia Mama ilikwenda wapi?"

Konde akajikuna shingo. Neno "iliuzwa" lilishafika kwenye ulimi.

"Si ile pale chini ya meza, kaifunika gunia?" mshona viatu akasema kutoka mlangoni. Mpaka leo sijui kama alisema kwa wema au alikuwa analipa ngumi zake mbili. Labda vyote.

Basi ikavutwa.

Mkewe Konde alikuwa mchapaji. Mchana alichapa barua ofisini, jioni akachapa nyumbani kazi alizopewa kumalizia. Kompyuta ile Konde aliiunda kwa mikono yake kutoka kwenye mabaki ya mashine nne, akampelekea mkewe ikiwa imefungwa utepe. Alimpenda. Alimpenda na alimpiga, msiniulize vitu hivyo viwili vilikaaje chumba kimoja. Wenzake walimtania, "Kwako mke anachapa na mume anachapa, nani anapika?" Wote walikuwa wanacheka. Mkewe naye alicheka, kashika shavu.

Siku moja Konde alirudi na hasira za mteja aliyemtukana. Akamkuta mkewe anachapa, na chakula bado hakijaiva. Hakuuliza. Alimzoa kutoka kwenye kiti, akamtandika kofi sikio la kushoto, kwa kitako cha kiganja, palepale anapopigia redio. Akarudia. Uzi wa damu ukatoka sikioni. Halafu akarusha teke la tumbo. Mwanamke akasogea. Teke likaipata kompyuta iliyosimama sakafuni, ubavuni, ikaanguka kwa kishindo.

Iliendelea kufanya kazi. Ila tangu siku ile ikawa na kituko: flopi ilizoandika yenyewe ilizisoma, za ofisini ikazikataa, na za kwake ofisini zikakataliwa. Kazi ya wiki tatu ya mwanamke yule ikaonekana haipo. Wakamfukuza kazi. Akarudi nyumbani akamwambia mumewe, pole pole, "Mashine imeharibika tangu ulipoipiga." Konde akasema, "Unanambia mimi si fundi?" Safari ile alitumia waya wa umeme.

Baada ya hapo mkewe aliendelea kuchapa ingawa hakuwa tena na kazi ya mtu. Alikuwa anachapa taratibu, na Konde akiingia yeye anaacha na kuzima. Miezi saba. Halafu siku moja Konde akarudi akakuta nyumba nyeupe. Mke kaondoka, na mtoto, na mkoba mmoja. Kompyuta ilikuwa imefutwa vumbi na kufunikwa gunia.

Kwa hiyo Konde hakuhitaji mtu wa kumwambia ndani ya flopi mlikuwa na nini. Alikaa anaitazama picha ya mtoto kwenye taa. Binti yake alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Nikushikie nini, Baba?"

"Nishikie taa," akasema.

Akafungua sanduku la kompyuta, akachomoa draivu, yaani kile kisanduku cha chuma kinachomeza flopi na kuisoma. Ilikuwa imekufa kwa uzee. Mkanda wa mpira unaozungusha flopi ulikuwa umeyeyuka ukawa uji mweusi, ukamshika vidole. Akaukwangua kwa kisu, akafuta kwa spiriti, akatia mkanda mwingine wa mpira kutoka redio kaseti ya zamani, ukatosha. Grisi kwenye reli, ile njia ya chuma ya ndani, ilikuwa imegeuka gundi. Maana ndani ya draivu kuna kidude kidogo kinachokwenda mbele na nyuma juu ya flopi, kikigusa na kusoma, na mafundi hukiita kichwa. Kichwa kilikuwa kimekwama. Akakisafisha kwa pamba kama mtu anayesafisha jicho la mtoto. Mkono wake haukutetemeka. Binti alikuwa anashangaa, na Konde akajisikia vizuri, mjinga yule. Akajisahau kabisa.

Hapo ndipo alipoiona rangi.

Kichwa husukumwa na mota ndogo iliyofungwa kwa skrubu mbili. Kiwandani hutia tone la rangi nyekundu pale mota inapokutana na fremu, nusu huku, nusu kule, ili fundi ajue mota ikae wapi. Nusu zile mbili zilikuwa zimeachana. Si sana, upana wa ukucha wa mtoto. Na fundi yeyote wa draivu akiona hivyo hufanya jambo moja hata kama anasinzia: analegeza skrubu, anaisukuma mota mpaka nusu zikutane, anakaza. Konde mwenyewe alikuwa na msemo wake, "Rangi kwa rangi, njoo uchukue mzigo." Mkono ukafanya bila kumwuliza. Akalegeza, akasukuma, akakaza.

Akaiunganisha draivu na kompyuta nyingine kuukuu iliyokuwa hai bado pale rafuni. Akajaribu flopi moja ya zamani ya mteja. Ikasoma yote, safi. Akajaribu ya pili, safi. Akachukua ile ya AKIULIZA, akaiingiza, akafunga kilango.

Kichwa kikakwaruza, kikaenda, kikarudi. Skrini ikaandika kwamba haioni kitu. Akarudia mara nne. Hakuna.

Binti akashusha taa. Akamwekea baba yake mkono begani. "Basi, Baba. Umefanya ulichoweza, nimeona kwa macho yangu. Labda Mama mwenyewe alibadili mawazo. Tuache." Akajaribu kucheka. "Funga karakana, twende ukaone chumba. Leo wanapaka rangi, na mjukuu wako anakuuliza kila siku."

Jamani, mnaiona hiyo nafasi? Mlango umefunguliwa, na mtu hata hajadanganya. Kafanya kazi safi kuliko kazi zake zote. Draivu imepona, inasoma flopi za dunia nzima isipokuwa moja, na binti mwenyewe ndiye anayesema twende. Konde aliinuka kwenye kigoda, akachukua koti, akaingiza mkono mmoja. Mfuko wa pazia ulikuwa pale kwenye msumari.

Na hapo ndipo akili ilipomfikia, na ilimfikia kwa kishindo. Ule upana wa ukucha ulikuwa mguu wake. Kwa miaka thelathini teke lile lilikaa ndani ya mashine vilevile alivyolirusha, na yeye mwenyewe, muda si mrefu uliopita, ndiye aliyelifuta kwa bisibisi. Mkewe aliandika kila neno kwa kichwa kilichosogezwa na teke. Ukitaka kusoma, ni lazima teke lirudi mahali pake.

Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kufa nalo. Alifikiri kusema kwa mdomo, akaujaribu ulimi, akausikia tayari unaanza, "Mama yako na mimi tulikuwa tunapishana kidogo..." Akajichukia. Hasira ikampanda, ileile ya siku zote, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kumpiga, na nusura ajitandike mwenyewe mbele ya mwanawe. Akavua koti.

"Kaa," akasema. "Nimekosea. Nimeitengeneza sana."

"Umeitengeneza sana?"

"Nishikie taa."

Akapiga moyo konde, na msinicheke kwa jina hilo, sina lingine. Akalegeza skrubu mbili. Kwenye fremu, chini ya kichwa cha kila skrubu, palikuwa na duara la chuma kinachong'aa, mahali skrubu ilipobana miaka yote ile, kando kidogo ya duara la kiwandani. Akairudisha mota polepole mpaka skrubu zikakaa juu ya duara la teke. Rangi ikaachana na rangi. Sasa mkono ulikuwa unatetemeka vibaya, na binti akaushika kifundo kuutuliza, akidhani ni uzee.

Akaiingiza flopi. Kichwa kikakwaruza. Skrini ikatoa mistari ya herufi, ikasita, ikakwama. Akasogeza kidogo. Ikakwama tena. Akasogeza tena, nywele moja tu, na mashine ikaanza kupiga kelele ya chuma kwa chuma, nusu ya neno inatokea, inapotea. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye meza. Bisibisi haiwezi kufika mahali penyewe. Alijua kinachoweza.

Akaweka bisibisi chini. Akafungua kiganja. Uso wake, bila yeye kujua, ukakunjamana ule mkunjo wake, meno yakauma mdomo wa chini, na akaipiga draivu ubavuni kwa kitako cha mkono, upande uleule, kwa nguvu zake zote.

Paa!

Taa ilianguka. Konde akageuka. Binti yake hakuwa kwenye kigoda. Yule mwanamke wa miaka thelathini na nne, na nguo zake za kazini, alikuwa chini ya meza, amejikunja, mikono miwili imekumbatia kichwa. Mwenyewe alionekana kushangaa amefikaje pale. Alimwangalia baba yake kutoka kule chini, na Konde akaona kwamba mtoto wa miaka minne hakuwahi kusahau. Alikuwa amekosa maneno tu.

Juu ya meza mashine ilikuwa inasoma. Kichwa kilikuwa kinakwenda laini, bila kelele, na skrini ilikuwa inajaa maneno.

Konde akamnyooshea mkono. Binti hakuushika. Alishika mguu wa meza, akainuka, akajipangusa magoti, akasimama mbele ya skrini na kuanza kusoma kwa sauti, maana ndivyo mama yake alivyomfundisha kusoma.

"'Jumatano. Makofi mawili, sikio la kushoto. Damu. Halafu teke, nikasogea, likaipata mashine. Mtoto alikuwa chini ya meza.'"

Akainamia skrini.

"'Jumapili. Waya, mgongoni, mara tisa. Kwa sababu nilisema flopi hazisomi.

"'Jumanne. Ngumi, mdomo. Jirani ameniuliza nina nini. Nimemwambia nimejikwaa.'"

Akainua macho, akatazama mlangoni. Mshona viatu alikuwa bado amesimama pale na kitambaa chake, na damu ilikuwa imeshakauka kidevuni. Akainamisha kichwa. Binti akarudi kwenye skrini.

Zilikuwa siku arobaini na moja. Alizisoma zote, hakuruka hata moja, sauti yake ikikatika na kurudi. Konde alisimama. Kila siku iliposomwa aliikumbuka, na hakuna hata moja aliyoweza kusema imetiwa chumvi. Alitamani apigwe. Hakuna aliyempiga. Mwisho kabisa palikuwa na maneno marefu kidogo.

"'Mwanangu, kwa kuwa umeuliza. Sikio sikuzaliwa nalo hivi. Maandishi haya hayasomwi na mashine nyingine duniani, na mashine hii nimemwachia baba yako kusudi. Ukiyasoma, ujue ni yeye amekufungulia. Fundi kama yule akitaka kukunyima, angekunyima na usijue. Hilo moja mhesabie. Mengine ni haya. Kila aliponichapa, nami nilimchapa humu.'"

Draivu ikazungukazunguka, ikatulia.

"Ulishaitengeneza ikawa haisomi," binti akasema. "Nilikuwa naondoka."

"Ndiyo."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilijua."

Binti akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mama alikuwa na moyo mkubwa, mpaka amekuhesabia. Mimi moyo huo sina. Nina mtoto wa miaka miwili ndani ya nyumba, na mimi nimejikuta chini ya meza." Akafungua kilango, akaitoa flopi, akairudisha kwenye bahasha. Akaichukua na ile picha kwenye taa. "Chumba kile atalala mwanangu."

Akatia mkoba begani.

"Asante, fundi," akasema.

Pale mlangoni akasimama mbele ya mshona viatu. Alimtazama mdomo, akazitazama waya za sakafuni. "Mzee, ulijikwaa?"

Mshona viatu akashusha kitambaa. Alikuwa rafiki wa mtu yule miaka ishirini.

"Nimempiga," Konde akasema kutoka ndani. Sauti ilitoka imekwaruza, ikabidi arudie. "Hakujikwaa. Nimempiga mimi. Na mama yako nilimpiga."

Binti alimsikia akiwa amempa mgongo. Halafu akaenda zake. Hakugeuka.

Mshona viatu alibaki mlangoni, hajui aingie au aondoke. Konde alirudi kwenye kigoda, akaiokota taa, akaivuta draivu karibu. Rangi ilikuwa imeachana na rangi. Akachukua bisibisi, akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili utulie, akazikaza skrubu zote mbili palepale zilipokuwa, juu ya duara la teke.